Kwa wewe unayeanza kufundisha wahudumu wa kliniki mfumo mpya

Ukipewa kazi ya kwenda kliniki moja hapa Nairobi kufundisha wahudumu mfumo wa kompyuta, omba kwanza siku nzima ya kukaa na kutazama. Usibebe projekta. Keti karibu na mapokezi tangu mlango unapofunguliwa, ufuate njia ya mgonjwa: anapoandikishwa, anapopimwa presha na uzito, kwa daktari, maabara, famasia, mpaka anapolipa kwa M-Pesa. Utaona mambo ambayo meneja hakukueleza kwa sababu yeye mwenyewe hayajui. Mahali fulani kutakuwa na daftari la pembeni ambamo sista anaandika akina mama ambao hawajarudisha watoto kwa chanjo, na namba zao za simu. Uliza daftari hilo linatumika vipi. Mfumo usipokuwa na pa kuliweka, litaendelea kuandikwa kimyakimya, nawe utabaki kushangaa kwa nini sehemu ya chanjo kwenye skrini haijazwi.

Utaambiwa kwamba shida ni wauguzi wakongwe. Mimi sikubaliani. Muuguzi aliyejaza rejista za Wizara ya Afya kwa miaka mingi anaijua data ya kliniki kuliko sisi tunaokuja na tableti. Anajua kwamba mgonjwa wa nje aliye chini ya miaka 5 anaandikwa kwenye MOH 204A na aliyezidi hapo kwenye 204B, kwamba hesabu za magonjwa za mwezi huingia kwenye 705A na 705B, na kwamba kutoka hapo zinapelekwa kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ambao Kenya imeutumia nchi nzima tangu 2011. Basi anza na anachokijua. Fungua rejista yake kando ya kibodi, umwonyeshe safu moja moja imehamia wapi. Anachoogopa ni kuonekana hajui mbele ya vijana ambao yeye ndiye aliwafundisha kudunga sindano, kwa hivyo mtengee saa yake peke yake, katika chumba chake cha kazi. Na tafadhali, usimnyang'anye kipanya. Hata akichukua dakika nzima kutafuta herufi moja, mkono uwe wake. Ukimfanyia, atakuona fundi hodari, na kesho yake atamwita mtu mwingine amfanyie.

Sehemu inayohitaji muda wako mwingi zaidi ni mapokezi, ingawa wakubwa wengi hutaka muda huo uende kwa madaktari. Kosa la mapokezi humfuata mgonjwa kila chumba. Chukua jina Mohamed pale Eastleigh: huandikwa Mohammed, Muhammad, Mohamad, na karani mwenye foleni ndefu akikosa kumpata kwa mara ya kwanza hufungua faili jipya. Sasa mtu mmoja ana faili tatu, na mzio wake wa penisilini umeandikwa katika moja tu. Wafundishe kutafuta kwa namba ya kitambulisho kabla ya jina. Namba ya simu inasaidia, lakini mama mmoja huandikisha watoto wake wote kwa simu yake, kwa hivyo lazima jina na umri vithibitishwe kwa kuuliza. Wazoeze pia swali lenyewe: "Mama, umewahi kutibiwa hapa, hata kama ni zamani?" Likiulizwa kwa heshima kila mara, faili mbilimbili hupungua sana.

Umri nao una mitego. Kuna wazee wanaoujua mwaka waliozaliwa tu, na mfumo unadai siku na mwezi. Mkubaliane kliniki nzima mtaandika nini, na kama mfumo una alama ya kuonyesha kwamba tarehe ni ya kukadiria, itumike. Kwa watoto, kazia tarehe kamili na nukta ya uzito. Mtoto wa kilo 7.5 akiingizwa kama 75, kiasi cha dawa kitakachopigiwa hesabu hapo ni cha mtu mzima. Mfano huu uonyeshe kwenye skrini, sista na mfamasia wakiwa pamoja, wauone kwa macho yao.

Kuhusu maneno ya siri utapata upinzani. Zamu inapobadilika, watu huacha mfumo umefunguliwa kwa jina la aliyetoka, kwa sababu kuingia upya kunakula muda na foleni iko mlangoni. Ukiwakaripia, watangoja uondoke. Waeleze kwamba kila dawa inayoagizwa inabeba jina la aliyeingia, na siku swali likiulizwa, ndiye atakayejibu. Waambie pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na kwamba zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mgonjwa, Kamishna wa Data anapaswa kujulishwa ndani ya saa 72. Kisha nenda kwa meneja umwombe kompyuta ya pili kwa chumba cha wauguzi. Mara nyingi hiyo ndiyo dawa.

Stima itapotea. Fanyeni zoezi la stima kupotea ukiwa bado pamoja na wahudumu: fomu za karatasi ziko wapi, nani anazikusanya, nani anaziingiza ikirudi, na wahakikishe wanaweka tarehe ambayo mgonjwa alikuja kweli, si ile ya kuingiza.

Usichague wiki ngumu ya kuanza. Mpito wa bima ya afya ya taifa kutoka NHIF kwenda SHA tarehe 1 Oktoba 2024 uliwakuta makarani wengi wakijifunza mfumo huku wagonjwa wamesimama dirishani, na uchovu ule haujawatoka. Anzeni na chumba kimoja, kikishika muende kingine, na karatasi na kompyuta zisiende sambamba kwa muda mrefu. Kuandika mara mbili kunawachosha, na atakayechoka ataacha kompyuta.

Mwezi ukiisha, rudi. Mwulize karani wa rekodi ametoa wapi takwimu za 705. Ukimkuta bado anapiga vijiti kwenye karatasi, ketini mtoe ripoti ileile kutoka kwenye mfumo, muilinganishe na rejista ugonjwa kwa ugonjwa. Pale hesabu zinapotofautiana, tafuteni ni chumba gani na zamu ya nani, na mafunzo yanayofuata yaanzie hapo.