Kostiki haisukumwi na gesi: kwa wageni wa kegi za nyumbani

Nimeonja tena bia yenye uchachu wa siki, safari hii hapa Nakuru, na mwenye kegi anaapa paipu aliisafisha Jumamosi. Namwamini. Aliisafisha kweli, ila aliisafisha kwa njia ileile inayotuharibia bia miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo, ndugu zangu mlionunua kegi juzi, someni haya kabla ya kuunga bia nyingine.

1. Kostiki (kostiki soda, yaani sodiamu haidroksaidi, tunayosafishia paipu) haisukumwi na gesi. Hapa tukae kidogo, maana kosa hili tumelifanya wengi, nami nikiwemo, na inaniuma kuona mnalirudia. Bia imeisha. Kegi ya lita 19 iko tupu na regileta (kidhibiti cha presha ya gesi) iko palepale, basi unakoroga lita 2 za kostiki ya asilimia 2, unamimina ndani ya kegi, unafunga kifuniko, unafungulia gesi na kusukuma mpaka itoke mferejini. Unaacha nusu saa, unasuuza, unaridhika.

Kegi ile haikuwa tupu. Ilijaa kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo ikikutana na kostiki zinamalizana, na kinachobaki ni sodiamu kaboneti, ndugu wa magadi tunayotia kwenye mrenda. Piga hesabu: lita 2 za asilimia 2 zina gramu 40 za kostiki, na gramu 22 tu za gesi zinatosha kuzimaliza zote. Kegi yenye lita 17 za gesi hapa Nakuru, geji ikisoma sifuri, ina takriban gramu 25. Ukifungulia mtungi ndipo unazidi kuilisha. Dalili iko wazi: funga gesi, tikisa kegi, utaona mshale wa geji unaanguka, na kifuniko kinacheza kwa sababu hushikwa na presha ya ndani. Wageni wakiona hivyo hudhani kegi inavuja, wanakimbilia kununua oringi mpya, ile mipira ya kuzibia. Oringi hazina kosa. Kostiki imeinywa gesi.

Sasa unasafisha paipu kwa maji ya magadi. Utando wa hamira na protini unalainika juujuu, lakini chini yake bakteria wa Pediococcus wamekaa salama wakitoa diasetili, na bia inayofuata inanukia siagi. Kwenye mfereji, kwenye hewa, wale wa siki wanaendelea na kazi yao. Halafu lawama zinaenda kwa kimea, kwa hamira, kwa maji ya kaunti, kwa kila kitu isipokuwa usafishaji.

Sukuma kwa hewa. Tafuta pampu ya mkono ya kunyunyizia dawa, ya lita 2, kwenye duka la kilimo. Iwe mpya kabisa. Iliyowahi kubeba dawa ya wadudu usiikaribie, hata uioshe mara mia. Mwisho wa mpira wake funga posti ya bia (kile kichomeo cha kutolea bia) iliyotoka kwenye kegi mbovu, kisha chomeka kile kichwa cheusi cha paipu yako. Anza na maji matupu, kwa sababu bia iliyobaki ndani nayo ina gesi na asidi. Fuatisha kostiki ya vuguvugu, kati ya nyuzi 27 na 43 za Selsiasi. Mita 3 za paipu ya inchi 3/16 hubeba mililita 55 hivi tu, kwa hiyo nusu lita inatosha kujaza na kubadilisha. Iache dakika 20, ukisukuma mpya katikati. Suuza kwa maji baridi mpaka karatasi ya litimasi ionyeshe rangi ileile ya maji yako ya kawaida. Yapime kwanza kabla hujaanza, maana ya kisima na ya ziwa hayalingani. Rudia kila wiki mbili.

2. Usikoroge kostiki kwenye sufuria. Sufuria zetu ni za alumini: kostiki inaila, inachemka na kutoa haidrojeni inayoweza kulipuka. Tumia ndoo ya plastiki, tangulia maji ndipo utie kostiki, gramu 20 kwa lita, kwa mizani wala si kwa kijiko. Vaa glavu na miwani.

3. Mfereji ufunguliwe vipande vipande kila mara unaposafisha paipu. Ile nati ya kola, kwenye mifereji mingi ya aina ya Kimarekani, hulegea ukiizungusha kuelekea inakoenda saa; nimeona watu wakiivunja kwa kuikaza wakidhani wanaifungua. Toa wosha, toa shina la ndani, piga brashi hasa kwenye vitundu vya hewa. Hapo ndipo uchafu hukauka.

4. Kostiki haiondoi jiwe la bia, ule ukoko wa kalisiamu oksalati. Kila miezi mitatu pitisha asidi ya fosforiki kwa kipimo cha kwenye chupa, baada ya kostiki kusuuzwa kabisa. Jik na asidi visikutane kamwe, vinatoa gesi ya klorini, na friji yako iko jikoni wanakopita watoto.

5. Povu si uchafu kila mara. Likijaa glasi ya kwanza tu, mfereji una joto. Likijaa kila glasi, angalia paipu: mapovu yakizaliwa sehemu ileile, pana uchafu au mkwaruzo. Paipu ikiwa safi, rudi kwenye jedwali la presha, lile linaloonyesha presha ya gesi kwa joto la bia. Hayo majedwali ni ya usawa wa bahari. Nakuru ongeza psi (pauni kwa inchi ya mraba) 3 hivi, Kisumu 2. Presha ikipungua, gesi hujitenga na bia ndani ya paipu, na mtu anaendelea kuosha kitu kisichokuwa kichafu.

Paipu ya plastiki laini iliyobadilika rangi au inayonuka hata baada ya kusuuzwa, ikate utupe. Mita 3 mpya hazifiki bei ya kegi moja ya bia uliyoimwaga.