Re: Timu ya mtaani inaweza kuwatoa vijana kwenye ukabaji?

Mkuu umeuliza kama ukianzisha timu hapo Manzese madogo wataacha kukaba watu. Mpira peke yake hapana, mi nimefundisha timu ya mtaa miaka minne, dogo anapiga mazoezi fresh tu na usiku unasikia kakamatwa na simu ya mtu.

Angalia MYSA, chama cha michezo cha vijana pale Mathare, Nairobi, walianza 1987 na ujanja wao ni kwamba timu ikisafisha mtaa, yani kuzoa taka na kuzibua mitaro, inapewa pointi kwenye ligi, halafu madogo wenyewe ndo marefa na ndo wanaendesha ligi, na anayejitolea sana anasaidiwa ada ya shule. Huko huko ndo ilikotoka Mathare United, bingwa wa Kenya 2008.

Kwahiyo we mpe dogo kazi. Mi kuna mmoja alikuwa msumbufu balaa nikampa begi la mipira atunze kwao, basi akawa anawahi uwanjani kuliko mimi na anahesabu mipira mara mbili mbili lol. Na mazoezi weka jioni, asubuhi wamelala hao.