Maswali na majibu: ombwe, geji na ukuta wa chombo

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi friji hapa Mjini. Navuta vakyumu (ombwe) saa nzima, geji inashuka vizuri, nikizima pampu inapanda tena. Nimejaza naitrojeni na kupaka povu, sioni panapovuja.

Marahaba. Itazame inavyopanda. Ikipanda bila kusita mpaka presha ya nje, pana tundu, tafuta tena. Ikipanda kisha ikatulia, nashuku maji. Hewa yetu ya visiwani ina unyevu mwingi, masika ndiyo usiseme, na mrija ukiachwa wazi molekuli za maji hujibandika ndani kwenye ukuta wake. Hewa ya katikati pampu huitoa upesi. Maji ya ukutani hayavutiki, sharti yabanduke yenyewe, kidogo kidogo. Pasha mirija kwa hewa ya moto huku pampu ikivuta, na ubadilishe oili ya pampu, maana nayo hushika maji. Maabara kubwa nazo hufanya hivyo hivyo: chombo cha chuma hupikwa kwa nyuzi 150 hadi 250 kwa saa nyingi, pampu ikiendelea.

Nasoma kidato cha sita, Pemba. Presha ikiwa ndogo mno, kitu gani kinasukuma geji?

Hakuna kinachoisukuma, na hapo ndipo pazuri. Mwaka 1906 mwanafizikia Marcello Pirani alitumia waya wa moto: gesi ikipungua, waya hupoteza joto kidogo, basi tunapima joto badala ya msukumo. Chini zaidi ya hapo tunatumia geji ya ioni. Uzi wa moto hutoa elektroni, elektroni zinazigonga molekuli na kuzipa chaji, kisha tunapima mkondo wa ioni zinazokusanywa.

Kwa miaka mingi geji hizo zilikwama karibu na sehemu moja kwa bilioni mia ya presha ya kawaida. Pampu zilishukiwa, kumbe kosa lilikuwa kwenye geji. Elektroni zikigonga gridi, yaani wavu wa waya unaozivuta, huzaa eksirei. Eksirei zikipiga uso wa kikusanyio hung'oa elektroni humo, na geji ikazihesabu kama gesi. Mwaka 1950 watafiti Bayard na Alpert wakageuza mpangilio: uzi wa moto nje, kikusanyio kikawa waya mwembamba katikati. Uso mdogo, eksirei chache, na kipimo kikashuka zaidi ya mara mia. Mimi naipenda dawa hii kwa sababu hawakuongeza kitu, walipunguza uso tu.

Ombwe kubwa hivyo la nini?

La kuuweka uso safi. Kwenye sehemu moja kwa bilioni ya presha ya kawaida, metali safi hufunikwa na tabaka zima la molekuli kwa takriban sekunde moja, ikiwa kila inayogusa inanasa. Ipunguze presha mara 10,000 zaidi, utapata karibu saa tatu za kufanya kazi. Ndiyo maana watu wa maabara hawagusi vifaa kwa mkono mtupu: alama ya kidole hutoa mvuke siku nyingi.

Chupa yangu ya chai haishiki moto tena. Inatengenezeka? Niko Wete.

Ikiwa ni ya gilasi, fungua kitako uangalie ile ncha ndogo chini. Ndipo hewa ilipovutwa kiwandani kabla ya kuzibwa. Ikiwa imekatika, hewa imeshaingia kati ya kuta mbili. Nunua gilasi ya ndani tu, ganda litumie lile lile.