Jibu: Mama ana presha, goti linamuuma, nimchukulie diklofenaki?

Rudisha hiyo hela mfukoni, mkuu. Mama ana presha, kila siku anameza aspirini ndogo ya moyo, halafu umwongezee diklofenaki? Mzee wangu alianzia hapohapo.

Nilikwenda mwenyewe famasi ya mtaani. Kijana yumo ndani ya koti jeupe, macho kwenye simu, anaangalia mpira. Nikasema "goti". Hakuuliza la nani, ana umri gani, anatumia dawa gani. Akakata vidonge kwa mkasi, diklofenaki na ibuprofeni, kila aina bahasha yake ya kaki, zote akaandika 1x3. "Hizi zinapiga kotekote, bosi."

Zilipiga kweli. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ni ukoo mmoja: zinapunguza kemikali inayolinda ukuta wa tumbo, na hizo mbili za goti zinaweza kupandisha presha. Mzee alikuwa anameza ukoo mzima, na mimi namsifia haruki dozi!

Goti lilitulia, tusidanganyane. Kisha choo kikawa cheusi tii, kinanata kama lami. Tukasingizia kisamvu. Alfajiri moja akainuka kwenda kutawadha, akadondoka. Hospitali wakapitisha mpira wenye kamera hadi tumboni: kidonda kinavuja damu. Ndugu tukaitwa kuchangia damu, na bili ikaondoka na pikipiki yangu. Siku hizi natembea kwa miguu, angalau magoti yangu mimi yako fiti.

Yule kijana sijamsamehe. Cheti cha mfamasia kimetundikwa ukutani, fremu inang'aa. Nilirudi kuuliza mwenyewe yuko wapi, nikajibiwa "huwa anapita". Anapita kwenda wapi?

Kwa hiyo ukiingia famasi yoyote, kabla ya bei, uliza: "Mfamasia ni nani hapa?" Hayupo, toka. Yupo, mwagie mezani maboksi yote ya dawa za mama. Niliyempata baadaye mtaa wa pili alikataa kabisa kuniuzia. Akasema parasetamoli, isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, na kwa mzee mwenye mwili mdogo hata pungufu. Goti likivimba au likiwa la moto, daktari. Anayekataa hela yako ndiye wa kumng'ang'ania.

Kama mama ameshaanza kumeza diklofenaki, asiendelee nayo, na choo kikigeuka cheusi msingoje kukuche.