Mpira kugusa ubao haurudishi sekunde 24

Mkuu, kwenye ile mechi yenu ya kikapu timu pinzani walikuwa na haki ya kulalamika kabisa. Umesema jamaa alipiga, mpira ukagonga ubao tu ukarudi kwa mwenzake, na kijana wa mezani anayeshika saa akaanza upya zile sekunde 24 za timu kupiga. Hiyo si sahihi, kwa sheria za FIBA (shirikisho la kikapu la dunia) lazima mpira uguse ringi, yaani chuma cha kikapu, ubao peke yake hauhesabiki, saa inaendelea tu kama kawaida. Na hata ingegusa ringi, timu ileile ikichukua ribaundi (mpira uliorudi) inapewa sekunde 14 sio 24, 24 ni pale mpinzani anapoudaka. Difensi akiugusa tu ukatoka nje pia saa hairudi mwanzo, mnaingiza na sekunde zilizobaki.

Kuhusu king'ora cha kuisha kwa sekunde 24 kulia mpira ukiwa hewani, usipige filimbi haraka!! Subiri uone, ukigusa ringi au ukiingia mchezo unaendelea, ukikosa ringi ndo kosa, ila kama mpinzani kaudaka safi muache akimbie, kumkatizia shambulizi lake ni kumwonea.

Sasa kwa vile hamna saa ya umeme, tafuteni mtu mmoja kazi yake stopuwochi tu, asishike na karatasi ya pointi, mimi naona makosa mengi yanaanzia hapo. Aite kwa sauti zikibaki 10, halafu 5, na mpeni vuvuzela maana upepo wa Dodoma jioni mnaujua, filimbi ya mezani haisikiki upande wa pili. Na kabla ya mechi waite makepteni wote wawili muwaelezee hiyo 14, wengi hawaijui.