Unga mweusi wa betri kutengenezea oksijeni maabara

Mwalimu, umeuliza kama unga mweusi wa ndani ya betri unafaa kutoa oksijeni kwenye haidrojeni peroksaidi, na kama unaisha. Ndiyo, unafaa, na hauishi. Ni manganizi daioksaidi, kichocheo tu, yaani huharakisha mmenyuko bila chenyewe kutumika: mwisho wa zoezi chuja, osha, kausha, uzito utaukuta uleule. Kinachoisha ni peroksaidi, ikigeuka maji na oksijeni.

Ila chukua wa betri za tochi za kawaida, zenye ganda la zinki. Za alkalaini achana nazo, zina potasiamu haidroksaidi inayounguza ngozi. Unga wa betri una chumvi na kaboni pia, kwa hiyo uoshe kwa maji mara tatu na uchuje kabla ya kutumia. Kaboni itabaki, haina shida hapa. Lakini unga huo usije ukauchanganya na potasiamu kloreti na kupasha moto, kwa kaboni hiyo utalipuka!

Gramu moja ya unga inatosha. Peroksaidi ya 6% (chupani imeandikwa 20 vol, yaani hutoa oksijeni mara 20 ya ujazo wake) mililita 50 hutoa karibu lita moja ya gesi. Idondoshe juu ya unga kidogo kidogo, na gesi ya mwanzo iache ipite maana ni hewa ya kwenye chupa. Ya 30% usiitumie bila kuizimua, inachemka na kuruka.

Povu likiwa hafifu, lawama ni ya peroksaidi iliyokaa dirishani; joto na mwanga huimaliza nguvu. Ijaribu kwa kipande cha ini bichi la sato kutoka mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza: ini lina katalesi, kimeng'enya kinachovunja peroksaidi, hivyo peroksaidi ambayo bado ni nzima hutoa povu papo hapo. Ini likichemshwa halifanyi kazi.