Fremu Zilivyoniaibisha Mbele ya Mteja

Juzi msomaji ameniandikia: "Kaka, nataka menyu ibaki machoni mtu anaposhuka chini ya ukurasa. Nitumie fremu?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo niliwahi kujijibu mwenyewe, likanikosesha kazi.

Tovuti yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa na fremu tatu, yaani vipande vya dirisha la kivinjari ambavyo kila kimoja hufungua faili yake: nembo juu, menyu kushoto, maelezo kulia. Niliipenda mno. Ukibofya menyu, upande wa kulia tu ndio unaobadilika, na intaneti ya laini ya simu ilivyokuwa ikikokota, kutopakia nembo upya ilikuwa neema. Tena menyu nzima iko kwenye faili moja. Ukiongeza kiungo, umemaliza. Ndiyo maana kivinjari cha Netscape 2.0 kilipotuletea fremu, mafundi tulizirukia.

Mteja akataka kumwonyesha mwenzake ukurasa wa bei. Akanakili anwani, akatuma. Mwenzake akafungua, akakuta ukurasa wa mwanzo. Wakarudia mara tatu! Kumbe anwani inayoonekana ni ya fremu mama, faili inayozibeba fremu zote, haibadiliki hata uzunguke wapi. Waliotokea kwenye injini za kutafuta walipata maajabu zaidi: waliangukia kipande cha kulia peke yake, hakina nembo, hakina menyu, hakina pa kwenda. Mteja alipojaribu kuchapisha, printa ikatoa menyu tupu. Nikajitetea kwamba ndivyo fremu zilivyo. Kazi akampa mwingine, na mpaka leo naona alinionea, ingawa kuhusu tovuti alisema kweli.

Sasa nisikilize, ndugu yangu. HTML5, toleo la mwaka 2014 la lugha ya kuandikia kurasa, ilizifuta fremu za aina ile. Vivinjari vinazionyesha kwa huruma tu. Usiniambie "mbona kwangu zinafunguka". Menyu isiyohama ni mistari miwili tu ya CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa: position: sticky na top: 0. Menyu ya faili moja, tumia include, amri ya lugha ya PHP inayoingiza faili moja ndani ya kurasa zako zote. Iliyobaki halali ni iframe, fremu inayokaa ndani ya ukurasa wa kawaida, nayo iwe ya vitu vya nje kama ramani au video: ipe title (jina) ili wasioona, wanaosomewa skrini na programu, wajue kilichomo, na uifunge kwa sandbox, sifa ya kuiwekea mipaka, kama humwamini mwenye kitu hicho. Kurasa zako usizitie humo. Narudia, usizitie!

Na kabla hujakabidhi kazi, nakili anwani ya ukurasa wa ndani kabisa, uifungue kwenye simu ya mtu mwingine. Mimi sikufanya hivyo.